Kufuma kwa Mkono wa Kushoto

Katika nyumba niliyokulia huko Muheza hapakuwa na kiti kisichovikwa kitambaa. Makochi manne ya sebuleni yalikuwa na vitambaa vya mgongoni na vya mikononi, meza ya kati ilikuwa na kitambaa kikubwa cha mviringo chenye mananasi kumi na mawili ya kufumwa yaliyouzunguka ukingo wake, na hata redio ya baba ilifunikwa kitambaa cheupe ambacho kilipaswa kuinuliwa kwa adabu kabla ya taarifa ya habari. Vyote vilifumwa na mama kwa sindano moja ya chuma yenye kulabu, nyembamba kama njiti ya kiberiti, aliyopewa na dada yake mkubwa ambaye naye alifundishwa kazi hiyo katika somo la sayansikimu alipokuwa shule ya bweni. Kwa hiyo ninaposema kwamba nilijifunza kufuma nikiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, katika kundi la WhatsApp, kutoka kwa watu ambao wengi wao sijawahi kuonana nao uso kwa uso, nafahamu kwamba ninakiri jambo lenye aibu kidogo.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza, ingawa mimi na mama tulichukua miaka mingi kuielewa. Mimi ni mashoto. Nilipokuwa na miaka tisa mama aliniketisha ubavuni pake juu ya mkeka, akanizungushia uzi kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akanishikisha sindano kwa mkono wa kulia, akaniambia nifuate anavyofanya yeye. Mkono wangu wa kulia haukufuata. Nilipohamishia sindano kushoto, kila kitu alichofanya mama kikawa kinakwenda upande usio wangu, na kila nilichofunga kilifumuka mara tu nilipokiweka chini. Shuleni mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa amekwisha kunichapa vidole mpaka nikazoea kuandika kwa kulia, na hadi leo ninaandika hivyo, lakini kukata vitunguu, kutwanga na kushona vifungo ninafanya kwa mkono nilioumbiwa. Mama hakunichapa. Alinitazama kwa wiki mbili hivi, akasema, "Mwanangu, mkono wako umegeukia ukutani," akanihamishia katika kazi ya kutia wanga.

Kazi hiyo niliijua vizuri. Unakoroga uji mwepesi wa unga wa muhogo, unauchuja ili usiwe na madonge, unakichovya kitambaa na kukikamua, kisha unakitandaza juu ya godoro lililofunikwa shuka safi na kuivuta kila ncha moja baada ya nyingine, ukiibana kwa pini, mpaka mviringo uwe mviringo kweli. Ukivuta upande mmoja zaidi, kitambaa kitakauka kikiwa kimepinda na kitaeleza uvivu wako kwa kila mgeni atakayeingia. Nilifanya hivyo kwa vitambaa vingi sana vya mama, na nadhani ndiyo sababu niliondoka nyumbani nikijua kitambaa kizuri kinafananaje bila kujua kinatengenezwaje.

Nilirudi kwenye sindano mwaka 2020. Shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, alibaki nyumbani pamoja nami hapa Tanga, na katika kuchezea simu yangu aliona mwanasesere wa kufumwa wa mtindo wa Kijapani unaoitwa amigurumi: sungura mdogo wa mviringo, mwenye masikio marefu na macho mawili meusi. Akasema, "Mama, nitengenezee." Sikumwambia kwamba siwezi, kosa ambalo wazazi wengi watalielewa. Usiku ule nilitazama video za kufuma mpaka kifurushi cha intaneti cha wiki nzima kikaisha, na kila mwalimu niliyemtazama alikuwa anatumia mkono wa kulia. Nilijiona tena nimekaa mkekani kando ya mama.

Wiki tatu baadaye mfanyakazi mwenzangu, aliyenikuta nikifumua uzi wakati wa chakula cha mchana, aliniingiza katika kundi la wafumaji wanaozungumza Kiswahili. Lilikuwa na watu wasiopungua mia moja na arobaini. Wengi walikuwa wa Dar es Salaam, Mombasa, Arusha na Nairobi. Alikuwemo muuguzi mmoja anayeishi Leicester, Uingereza, ambaye hufuma akisubiri zamu, na bibi mmoja wa Muscat aliyezaliwa Unguja na kuondoka utotoni pamoja na wazazi wake baada ya mwaka 1964, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na maneno niliyoyasikia mara ya mwisho kwa bibi yangu mzaa baba. Nilikaa kimya siku mbili nikisoma. Siku ya tatu niliandika kwamba mimi ni mashoto na kwamba nimeshindwa, nikitarajia kuambiwa, kama nilivyoambiwa maisha yangu yote, nibadilishe mkono. Yule bibi wa Muscat alijibu kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliandika: "Mwanangu, iweke simu mbele ya kioo. Usiitazame simu, kitazame kioo."

Nilikibandua kioo cha kabati, nikakiegemeza ukutani, nikaisimamisha simu mbele yake juu ya kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kioo yule mwalimu wa video, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akinikimbia, aligeuka kuwa mashoto kama mimi. Sindano yake ilikuwa kushoto, uzi ulitoka kulia, na vidole vyake vilikwenda upande ambao vidole vyangu vilitaka kwenda. Nilifuma vitanzi ishirini mfululizo bila kimoja kufumuka. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba zipo video nyingi zilizotengenezwa na mashoto kwa ajili ya mashoto, tena za bure, na kwamba kioo hakikuhitajika hata kidogo. Hata hivyo sidhani kwamba video hizo zingenifanyia kilichofanywa na jibu lile. Video ingenifundisha mkono tu. Bibi yule, ambaye hakuniuliza jina wala kazi wala kwa nini nisingemuuliza mama yangu, alinionyesha kwamba tatizo langu lina watu waliokwisha kulifikiria.

Hapo sina budi kueleza desturi moja ya kundi lile, kwa sababu naamini ndiyo iliyotufanya wengi tubaki. Kila Alhamisi ilikuwa siku ya makosa. Siku hiyo haikuruhusiwa kutuma picha ya kazi iliyokamilika wala kumpongeza mtu. Ulituma kilichoharibika tu. Mwanzoni niliona ni mchezo wa kuchekeshana, na kweli tulicheka, hasa siku mtu alipotuma picha ya soksi ya mtoto ambayo baba yake mtoto aliweza kuivaa. Lakini baada ya miezi michache nilitambua kwamba siku nyingine sita za wiki zilikuwa zikifanana. Mtu anatuma kitambaa kizuri, watu thelathini wanaandika mashallah na hongera sana, kisha mazungumzo yanakufa, kwa kuwa kitu kizuri hakimwachii mtazamaji neno la kusema. Kosa linamwachia mengi. Mimi nilituma kitambaa nilichokianza kwa mafundo thelathini na kukimaliza kwa kumi na tisa, kilichosinyaa kama pembe ya ng'ombe, na mama mmoja wa Nairobi aliikuza picha ile, akahesabu, akaniandikia kwamba kuanzia mstari wa saba nimekuwa nikiliruka fundo la mwisho kwa sababu ninalidhania kuwa ni ukingo. Nilichukua kitambaa changu, nikahesabu kwa ncha ya sindano. Ilikuwa mstari wa saba.

Mtu aliye umbali wa safari ya siku nzima kwa basi alikuwa amesoma uzi wangu kama anavyosoma barua. Kazini kwangu ninaandika hesabu, na katika hesabu kosa huandikiwa maelezo, maelezo yakawekwa kwenye jalada, na jalada likasubiri siku utakapoomba kupandishwa cheo. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi na sijawahi kumwona mtu akilikabidhi kosa lake kwa hiari yake. Kwa hiyo kuwa mahali ambapo watu wanangojea Alhamisi, ambapo mwenye kosa la ajabu zaidi ndiye anayezungukwa na watu wengi zaidi, kwangu kulikuwa ni kupumzika kwa namna ambayo usingizi haukuwa ukinipa. Wanaoshangaa kwa nini mtu mzima anaamka saa kumi na moja alfajiri kuangalia kama kuna aliyejibu kuhusu masikio ya sungura wa uzi, huenda wanafikiri kwamba kinachotuvuta ni sungura.

Sungura mwenyewe alinipa taabu. Maelekezo niliyoyapata mtandaoni yalisema nitumie fundo "la mbili", nami nikatumia fundo nililolijua kwa jina hilo, lakini mwili wa sungura ukatoka mrefu kama tango, wenye matundu. Nilikuwa nimemjaza sufi niliyoletewa kutoka Muheza, ambako misufi haijaisha, na sufi ikawa inapenya kwenye yale matundu na kuelea chumba kizima, mpaka binti yangu akaanza kupiga chafya. Alhamisi ile nilielezwa jambo ambalo wafumaji wa Kiingereza huenda wanalijua tangu siku ya kwanza: Wamarekani na Waingereza hutumia majina yale yale kwa mafundo tofauti. Fundo ambalo Mmarekani huliita "moja", Mwingereza huliita "mbili". La Mmarekani la "mbili" ndilo la Mwingereza la "tatu". Maelekezo yangu yalikuwa ya Kiingereza cha Uingereza, nami nilijifunza katika video ya Mmarekani, kwa hiyo kila fundo langu lilikuwa na urefu wa karibu mara mbili ya lililotakiwa. Muuguzi wa Leicester alinionyesha njia ya kutambua: ukikuta "moja" limetajwa kama jina la fundo, maelekezo ni ya Kimarekani, kwa kuwa Waingereza jina hilo hawalitumii.

Kutokana na sungura yule kundi zima liliingia katika mjadala uliokaribia wiki nzima, ambao kwangu ni kati ya mazungumzo mazuri kabisa niliyowahi kushiriki. Kwa nini sisi tufungwe na ugomvi wa mataifa mawili juu ya majina, ilhali tuna lugha yetu? Tukaanza kutafuta maneno. Fundo fupi, fundo la kati na fundo refu yalikubalika upesi. Lile fundo la kuunganisha, ambalo haliongezi urefu wowote, lilipewa jina na mwanamume mmoja wa Mombasa ambaye kazi yake hasa ni kushona kofia za viua, kazi inayoweza kumchukua mtu miezi kwa kofia moja, na ambaye alijiunga nasi kwa udadisi tu. Aliliita fundo bubu. Vile vitanzi vya mwanzo vinavyofuatana havikupata jina, maana wengine walitaka mnyororo na wengine waliona mnyororo ni neno la gereza.

Nikampigia simu mama kumuuliza yeye anaviitaje. Akajibu, "Kwani vina jina? Unaingiza, unavuta." Kesho yake mapema akapiga mwenyewe, bila salamu ndefu kama ilivyo kawaida yake, akasema kwamba alipokuwa msichana yeye na dada yake waliviita mkufu, na fundo refu waliliita nguzo, na nafasi iliyo kati ya nguzo mbili waliiita dirisha. Alikuwa hajayatamka maneno hayo tangu dada yake alipofariki. Kundi liliyapokea yote matatu siku ile ile. Tangu hapo nimeona watu nisiowajua, wa miji nisiyowahi kufika, wakiandika "anza na mkufu wa kumi na mbili", na kila mara huwa nataka kumpigia mama simu, ingawa nikimweleza hukata maneno kwa kuuliza kama nimekula.

Kosa jingine lilinifikisha mbali kuliko nilivyotarajia. Kitambaa cha mviringo kina kanuni yake: ukianza na mafundo mafupi sita, kila mzunguko unaongeza sita, yaani 6, 12, 18, 24, 30, na kitambaa kinalala chini kama sahani. Ukiongeza pungufu ya hapo kinajikunja kuwa bakuli. Mimi sikuielewa kanuni, nikawa ninafuma mafundo mawili juu ya kila fundo katika kila mzunguko, yaani 6, 12, 24, 48, 96, na kilichotoka hakikuwa sahani wala bakuli. Kilikuwa kitu kilichojikunja mawimbi ukingoni kama jani la kabichi, na kadiri nilivyokivuta kilale ndivyo kilivyoinuka upande wa pili. Nilikituma Alhamisi nikitegemea kuchekwa. Mwalimu mmoja wa hisabati wa Dodoma aliandika kwamba nimefuma jambo ambalo wanahisabati walilitafutia mfano wa kushikika kwa muda mrefu: uso ambao unapinda kinyume cha mpira kila mahali. Akatueleza habari za Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambaye mwaka 1997, baada ya kuchoshwa na mifano ya karatasi iliyokuwa ikichanika mikononi mwa wanafunzi, alichukua uzi na sindano yenye kulabu na kuufuma uso huo kwa kuongeza mafundo kwa uwiano usiobadilika. Akaongeza kwamba dada wawili kutoka Australia, Margaret na Christine Wertheim, mwaka 2005 walianzisha huko Los Angeles mradi wa kufuma matumbawe kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa viumbe wengi wa miamba ya bahari wana mikunjo ya aina hiyo.

Sisi wa Pwani tumezaliwa katika nyumba za mawe ya matumbawe, na watoto wa Tanga huyaokota ufukweni na kuyatupiana. Nilikwenda kuchukua kipande kilichokuwa kikizuia mlango wa jikoni, nikakiweka kando ya kitambaa changu kilichoharibika. Binti yangu alivitazama vyote viwili, akasema kwamba kitambaa ndicho kizuri zaidi, na tangu siku hiyo kiko juu ya kabati lake, hakijawahi kufumuliwa.

Si kila ushauri wa kundi ulikuwa mwema. Kuna aliyetuambia tuache wanga wa muhogo na kuvikausha vitambaa kwa maji ya sukari, kwamba vinasimama imara zaidi. Vilisimama kweli. Siku ya pili sisimizi walipanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye meza ya sebule, wakapanda mguu wa meza, na nilipokiinua kitambaa cheupe kilikuwa kimegeuka cheusi na kinatembea. Kuna aliyeniuliza kwa nini mimi niliye Tanga nisifumie katani, nikajaribu kufuma mfuko, nikapata malengelenge matatu na mfuko mmoja usiofunga.

Nilijiandikisha pia katika Ravelry, mtandao wa wafumaji uliofunguliwa mwaka 2007 na wanandoa wa Kimarekani, ambako mtu hutafuta ruwaza, yaani maelekezo ya kufuma, kwa ukubwa wa sindano, kwa aina ya uzi, hata kwa kiasi cha uzi kilichombakia kapuni. Ni hazina kubwa na ninaitumia mpaka leo. Lakini ninaingia humo kama ninavyoingia maktaba, nikichukua na kutoka. Sijawahi kuamka alfajiri kwa ajili yake.

Kuna mambo mawili ambayo sipendi kuyasema na ambayo bila kuyasema masimulizi haya yangekuwa tangazo. La kwanza ni kwamba kwa muda wa karibu mwaka mzima nilinunua nyuzi kuliko nilivyofuma. Kila mtu alipotuma picha ya rangi mpya, mwisho wa mwezi nami nilimwagiza mtu anayekwenda Kariakoo aniletee, na nikawa ninapata raha ile ile ya kufuma kwa kuzipanga tu nyuzi ndani ya kabati. Kadhalika kusoma habari za kufuma. Kuna jioni nilizokaa saa tatu nikijadili namna bora ya kuficha ncha ya uzi huku sindano yangu ikiwa chini ya mto. Mume wangu, ambaye si msemaji, aliuliza mara moja tu kama siku hizi ninafuma kwa kidole gumba.

La pili ni zito. Dada mmoja wa kundi, ambaye alikuwa hodari wa kubuni, alichora na kuandika ruwaza zake kwa Kiswahili na kuziuza kwa bei ndogo sana, isiyozidi nauli ya bodaboda. Mtu mmoja alinunua moja, akaisambaza kwa wengine kwa faragha, wao wakaisambaza tena, na ilipofika miezi miwili karibu kila mtu alikuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo. Niliipokea bila kuuliza, nikaifuma, nikaipenda. Mwenyewe alipogundua hakugombana na mtu. Aliandika mstari mmoja wa kutushukuru kwa urafiki, akatoka. Baadhi yetu tulimtumia fedha yake kwa simu baada ya hapo, naye alizipokea bila kujibu, na hakurudi. Kundi ambalo lilijua kupokea kila kosa la uzi halikuwa na siku ya kosa la namna hiyo. Tulijadiliana siku mbili, msimamizi akaandika sharti jipya, watu wakaliafiki, na Alhamisi iliyofuata picha zikaendelea kama kawaida.

Habari ya kuuza nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa jibu langu lilitoka kwenye hesabu. Jirani yangu aliniomba nimfumie vitambaa saba vya seti ya makochi, akaniahidi shilingi 40,000. Nyuzi zilinigharimu 18,000. Kila kitambaa kilinichukua saa tisa, maana nilikuwa nikizipima, jumla saa sitini na tatu. Shilingi 22,000 zilizobaki, ukizigawa kwa saa hizo, hazifiki 350 kwa saa. Nilimfumia kwa sababu nilikwisha ahidi, nikaacha hapo. Lakini najihadhari nisiseme kwamba kufuma ni kwa ajili ya moyo tu na si kwa fedha, kwa kuwa yupo mwenzetu wa Arusha anayelipa ada za watoto wawili kwa kofia za watoto wachanga, na kila mtu wa mshahara kama mimi anapofuma kwa bei ya hasara ili apate sifa, ni yeye anayeulizwa na wateja kwa nini bei yake iko juu.

Mwaka 2021, wakati wa sikukuu, nilikwenda Muheza na sindano yangu. Nilimwambia mama asikae ubavuni pangu, akae mbele yangu, magoti yetu yakaribie kugusana, anifundishe nanasi. Alikaa. Aliinua sindano yake kwa mkono wa kulia, nami nikaiinua yangu kwa mkono wa kushoto, na mikono yetu ikawa inakwenda upande mmoja, kama mtu na kivuli chake majini. Alifuma mafundo matatu, akasimama, akaitazama mikono yangu. Akasema, "Miaka ishirini na minne yote, kumbe ilikuwa kusogeza kiti?" Akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka sana.

Mama hahesabu. Nilipotaka kuandika nanasi lake ili niwapelekee wenzangu, aliniambia nguzo zinatosha "zikitosha", na ilinibidi nifumue kitambaa kizima cha zamani, mstari kwa mstari, ili nipate namba. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuweza kukieleza. Katika ukingo, ambako mafundo mafupi yamebanana, kila fundo langu la siku zote lilikuwa na umbo la herufi V, ilhali kila fundo la mama lilikuwa na umbo la alama ya kuzidisha. Na yale niliyofuma nikiwa nimekaa mbele yake yalikuwa kama yake. Nilituma picha. Watu walikisia mengi. Bibi wa Muscat aliomba picha ya karibu zaidi, kisha akaomba upande wa nyuma, kisha akakaa kimya siku nzima. Jioni alituma ujumbe wa sauti akasema kwamba wafumaji wengi huuleta uzi juu ya sindano kabla ya kuuvuta, lakini mama yangu anapeleka sindano juu ya uzi na kuunasa kutoka chini. Uzi unajisokota, fundo linakuwa dogo zaidi na gumu zaidi. "Nani alimfunza hivyo?" akauliza. "Maana shuleni hawafunzi hivyo. Huyo aliyemfunza alikosea, naye akalichukua lile kosa akaenda nalo."

Nilimsikilizisha mama. Alifikiri kidogo, akasema kwamba dada yake alikuwa mtoro wa vipindi na huenda siku hiyo hakuwepo darasani. Kisha akakishika kitambaa cha meza, kile chenye mananasi kumi na mawili, akakivuta kwa nguvu zake zote huku na huku mbele ya uso wangu. "Mwambie huyo bibi yako," akasema, "kosa hili halijafumuka miaka arobaini."

Nilimwambia. Alhamisi iliyofuata watu kumi na mmoja walituma picha za kingo zenye alama za kuzidisha, walizozifuma kwa makusudi kwa njia ya mama yangu mkubwa wa Muheza waliyekuwa hawamjui. Wanne kati yao walikuwa wamekosea.